Kamba za Shemeji

Mwanamke anayevaa miwani myeusi ndani ya msitu ana jambo lake. Nililisema hilo siku ya kwanza. Nikamwambia dereva, nikamwambia shemeji, na sufuria zangu nazo ningeziambia kama zingekuwa na masikio. Msitu wetu una giza mchana kweupe. Matawi yameshikana huko juu mpaka mvua yenyewe inachelewa kufika chini. Halafu wewe unavaa miwani ya jua. Jua lipi?

Lakini nianze na shemeji, maana habari hii ni yake.

Shemeji yangu ni mume wa mdogo wangu, na kazi yake ni kuongoza wageni. Anawavusha kisiwa kizima kwa lori la kampuni, kutoka bandarini upande huu, kupanda mlima, kupita msituni, mpaka kuteremkia kwenye mikoko ya upande wa pili. Njiani anawaonyesha wanyama. Ameifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wageni wanamwita Bwana Subirini, kwa sababu kabla hajawaonyesha kitu huinua kiganja na kusema, "Subirini." Basi wote wanaganda. Hapo anaanza kuwasimulia mnyama ambaye hawajamwona bado: anaishi na nani, jana kagombana na jirani gani, kwa nini leo kanuna. Watu wanacheka. Akishawachekesha vya kutosha ndipo anawaonyesha, na wakimwona mnyama mwenyewe kwenye tawi, kweli kanuna vilevile, wanashika vinywa.

Mimi nilimshuku tangu siku alipokuja kumposa mdogo wangu. Alisimama mlangoni, suruali ina matope hadi magotini, badala ya kusalimia vizuri akamwambia mama, "Shikamoo mama, nakuomba hicho kioo cha ukutani msikiguse, nyuma yake kuna mjusi ametaga." Jamani! Mtu mgeni, hajakaribishwa kiti, ameshachungulia nyuma ya vioo vya watu? Nilimkata jicho. Lakini mama alikwenda akachungulia, akayaona mayai mawili, akacheka mpaka akakaa chini. Kioo kile kilikaa upande hivyohivyo mpaka mayai yakaanguliwa, na mdogo wangu akaolewa.

Sasa huyo mtu aliyekuwa anaona mayai ya mjusi nyuma ya kioo, nuru ya macho ikaanza kumtoka. Haikutoka kwa mpigo. Kwanza nilimwona akishuka kwenye lori anatanguliza mguu, anaupapasisha hewani kama mtu anayeonja maji ya kuoga. Kisha akawa anagonga bega kwenye milango. Hospitali wakamwambia anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, katikati kuna nuru, pembeni hakuna kitu, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Uwanjani kwenye mwanga anakutambua sura. Msituni kwenye kivuli, haoni kitu. Dawa? Hakuna dawa.

Na Tajiri, mwenye kampuni, mama mmoja mwenye sauti ya kengele ya shule, alikuwa ametukusanya wote gereji. Kampuni nyingine ilikuwa imemwangusha mgeni bondeni. Akasema mwongozaji asiye mzima, macho, masikio au magoti, hatapanda tena lori lake. Akaongeza, "Na kuanzia sasa nitakuwa napandisha mtu wangu kati ya wageni. Hamtamjua. Yeye atawajua." Shemeji alisimama pale na beji yake kifuani, anatazama mbele. Mimi nilimwona mdogo wangu machoni pangu, na watoto, na ada za shule. Beji ikivuliwa, unga umemwagika.

Ndipo mimi, mpishi wa safari, na dereva tukaanza mambo ya kamba.

Dereva tunamwita Breki, kwa sababu hazishiki, na yeye ananiita Afande, eti naishi kwa kupekua. Ana jicho la mwewe lakini hawezi kusimulia hata ajali. Basi kila kambi, kabla jua halijatoka, mimi nikiamka kuwasha jiko, yeye anachukua tochi tunaingia msituni. Anamulika mpaka anampata bundi kwenye kituo chake cha mchana, au komba waliojipachika kwenye shimo la mti, au kinyonga aliyelala, maana kinyonga akilala huwa mweupe kwenye mwanga wa tochi na haondoki mpaka jua limpashe. Nami nafunga kipande cha kamba ya katani kando ya njia, kwenye usawa wa mkono. Fundo moja, mnyama yuko juu. Mafundo mawili, yuko chini. Kamba ikiwa kulia, naye yuko kulia. Shemeji anapita na wageni mkono umening'inia, anapapasa majani kama mtu anayeyabembeleza, akiigusa kamba anasimama. "Subirini."

Msiniite tapeli. Wageni walilipia kuona wanyama, na waliwaona. Hadithi zilikuwa zake, za kweli, hakuna aliyemfungia hadithi kwenye kamba. Na kwenye makorongo Breki alikuwa anatembea mbele yake akikohoa kila penye shimo. Tulikuwa tumejipanga.

Sasa rudi kwa Mama Miwani. Safari ile wageni walikuwa wachache, wengi wao watu wa ng'ambo ya maji wanaosema Kiswahili kama sisi. Yeye alikuja peke yake. Kamera hana. Mtu analipa safari nzima ya wanyama, kamera hana! Akaomba kiti cha mbele. Tulipofika kwa komba, shemeji akainua kiganja, watu wote wakatazama juu, yeye akatazama mkono wa shemeji. Nilikuwa nyuma na kapu la vikombe, nikamwona waziwazi. Hakutazama komba hata kidogo mpaka wenzake walipoanza kusema "Aaa!"

"Breki," nikamwambia dereva, "huyo ndiye."

"Afande, umeanza."

"Sijaanza, nimemaliza. Ametumwa na Tajiri."

Jioni hiyo, jua ndio linazama, akaingia jikoni kwangu. Nasema jikoni, ni turubai na kamba nne, lakini ni jikoni, na mgeni haingii. Akajikwaa kwenye kamba ya turubai, akashika meza, viazi vikatawanyika. Akaomba radhi sana. Mimi nikamwambia haidhuru, huku moyoni nasema, umejikwaa makusudi, kamba nyeupe hivi mtu mzima haioni? Alitaka kuchungulia. Na katani yangu ilikuwa pale juu ya gunia! Nikaikalia.

Wakati wa kula akamuuliza shemeji, mbele ya watu, "Bwana, kinyonga mdogo kama kucha, kwenye giza lile, wewe unamwonaje?"

Mwiko uliniganda mkononi. Shemeji akacheka akamwambia, "Simwoni, namjua." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaendelea kumtazama nyuma ya miwani yake.

Namshukuru Mungu, nilijiambia, angalau yupo Mjomba Picha. Huyu alikuwa mtu wa watu. Mnene, mcheshi, kamera mbili shingoni, anapiga picha kila kitu, sisimizi, tairi, Breki anapiga mswaki. Alisifia wali wangu, akasifia maharage, akaniuliza nilijifunzia wapi kupika. Mtu wa namna hiyo unampa finyango kubwa bila kuombwa, na nilimpa. Ilipokuwa siku ya tatu nikamvuta pembeni.

"Mjomba," nikamwambia, "yule mama wa miwani, mtupie jicho. Ana chokochoko."

"Chokochoko gani, dada?"

"Anamfuatafuata mwongozaji wetu. Anataka kumharibia."

"Kumharibia nini?" akauliza, na sura ya huruma kabisa.

Hapo niliufyata ulimi, siyo mjinga mimi. Nikasema tu, "We mtazame." Akaahidi atamtazama.

Shemeji mwenyewe alipoambiwa hakustuka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, anavua viatu kwa kupapasa. "Shem, labda anapenda hadithi tu."

"Wanaopenda hadithi wanacheka! Huyu hacheki. Nani anakutazama mkono siku nzima kama siyo mtu anayeandaa ripoti?"

"Sasa unataka nifanye nini, nimtoe macho?"

Akasikia mwenyewe alichokisema, akaweka kiatu chini. Halafu akaniambia polepole, "Mimi nimechoka, shem. Kila nikisema 'Subirini', ninaomba kamba iwe palepale. Siyo kazi hiyo, ni kamari." Nilimwambia ajikaze, kesho kutwa tunafika, na nikaenda kuosha vyombo kwa hasira mpaka Breki akauliza vyombo vimenikosea nini.

Asubuhi ya kambi ya mwisho msituni tulimpata kinyonga mdogo, wale wadogo kabisa, amelala kwenye jani la mpera mwitu. Nikafunga kamba mkono wa kushoto, fundo moja. Nikarudi kuweka maji ya chai. Mbingu ilikuwa inaanza kupauka. Nikahesabu mahema kwa macho kama kawaida yangu, na hema la Mama Miwani lilikuwa wazi, tupu.

Damu ikanichemka. Sikuita mtu. Nilichukua njia ileile nikiwa na mwiko mkononi, kwa nini mwiko hata sijui, na nikamkuta palepale. Amesimama kwenye kamba yangu. Miwani ameivua, ameishika mkono mmoja. Mkono wa pili uko kwenye fundo, analipitishia vidole, anarudia, anarudia. Macho ameyafumba.

"Ahaa!" nikamfokea. "Nimekupata! Mwambie aliyekutuma, kamba nafunga mimi! Mimi mpishi! Mtu wa watu haoni, sawa, haoni, lakini hakuna mgeni hata mmoja aliyeondoka hapa bila kuona mnyama! Mnataka nini tena kwake? Ana watoto!"

Ndege wote waliruka. Yeye akafumbua macho, akageuka upande nilipo, lakini hakunitazama usoni, alitazama karibu na bega langu, akawa ananitafuta. Nilijua kutafuta kule. Nilikuwa nakuona kila siku mezani kwa mdogo wangu.

"Sijatumwa na mtu, dada," akasema. "Mimi nashuka kwenye gari kama yeye. Siku ile ya kwanza nilimwona anavyotanguliza mguu, nikajua."

"Daktari amenipa mwaka, labda na kidogo," akasema. "Mwanga ukiwa mkali unaniumiza, giza likiingia naona weusi mtupu. Nikasema niende nikaone vitu vizuri kabla tundu halijafunga. Halafu nimefika hapa, nikamkuta mtu ambaye limeshafunga na bado anawaonyesha wengine. Nikaacha kutazama wanyama. Nilitaka kujua anafanyaje." Akagusa tena fundo. "Leo nimejaribu mwenyewe. Nimetoka hemani macho nimefumba, nimepapasa majani mpaka nikaifikia. Huyu yuko kushoto, juu. Sivyo?"

"Ndivyo," nikasema, na sauti ilinitoka nyembamba kama si yangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Mwanamke wa watu kajikwaa jikoni kwangu, nami nimekalia katani kama kuku.

Nyuma yangu kijiti kikavunjika. Nikageuka. Mjomba Picha amesimama njiani, kamera zinaning'inia, hacheki.

"Nilikuwa namtazama, dada," akasema. "Si uliniambia nimtazame?"

Kichwani mwangu kila kitu kikajipanga: maswali yake matamu, picha zake za matairi na za Breki, finyango zangu. Niliketi chini palepale kwenye majani. Sikuwa na haja ya kumuuliza katumwa na nani.

Siku hiyo shemeji aliongoza kama kawaida, ila Mama Miwani alimfuata kabla ya chai wakazungumza pembeni ya lori. Sijui waliambiana nini. Kwa mara ya kwanza maishani sikwenda kusikiliza. Nilimwona tu shemeji anamshika mkono, anauweka kwenye majani, anauonyesha namna ya kulegeza vidole. Tulipofika kwenye kamba wakasimama wote wawili kwa pamoja, na Mama Miwani ndiye aliyesema, "Subirini."

Upande wa pili wa kisiwa Tajiri alikuwa anatungoja, gari lake dogo limeegeshwa kando ya mikoko. Mjomba Picha alishuka wa kwanza, wakapeana mikono kama watu wa ofisi moja. Alimwinamia akasema maneno machache. Sikumlaumu, ndiyo kazi aliyotumwa, ila sahani yangu hatakula tena.

Tajiri akaja mpaka kwa shemeji. "Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema shemeji. Hakungoja aambiwe. Akaitafuta pini ya beji kwa kidole gumba, akaifungua bila kuitazama, akamkabidhi. Breki akageuka akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na kasoro.

Mimi nilipayuka, nani angenizuia? Nilisema amefanya kazi miaka, hajaangusha mtu hata mmoja. Tajiri akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akasema, "Mama, nikingoja aangushe, nitamwambia nini mke wake?" Na hapo, jamani, alikuwa na haki. Ndilo lililonichoma zaidi, kwamba alikuwa na haki.

Mama Miwani alikuwa bado kwenye ngazi ya lori. Akashuka, mguu mbele, akasogea mpaka karibu.

"Mwakani nitarudi," akasema. "Nitakuwa sioni. Mtanipa nani?"

"Tutakupa kijana mzuri sana, macho yake makali," akajibu Tajiri.

"Huyo ataniambia, 'Tazama kule,'" akasema Mama Miwani.

Tajiri akaitia beji mkobani, akaingia kwenye gari lake akaondoka.

Beji haikurudi, nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Shemeji alikaa nyumbani msimu mzima wa mvua. Mdogo wangu alishona nguo za watu mpaka vidole vikaota sugu. Mumewe alikaa barazani, anawasimulia watoto mijusi wanaopita darini kwa kusikiliza kucha zao. Nilikuwa naenda na kapu la viazi, ninakuta nyumba nzima imefungwa kamba, kutoka mlangoni hadi bafuni hadi kwenye kuni. Mafundo alifunga mwenyewe. Nilipoona hivyo siku ya kwanza nilijitia moshi umeniingia machoni.

Kiangazi Tajiri akatuma gari limchukue. Mama Miwani alikuwa amelipia safari, na hakulipia peke yake. Walikuja wenzake kadhaa, wengine na fimbo nyeupe, na ndugu zao waonao wakiwasindikiza. Beji alivaa kijana mpya, yule mwenye macho makali, wa kulinda makorongo na kuhesabu watu. Namchunguza bado, anatabasamu mno. Shemeji alipewa shati la kampuni na kiti cha mbele, na kazi yake ikaandikwa msimuliaji.

Msituni, safari hiyo, sikufunga vipande. Nilichukua katani yote iliyokuwa jikoni, mimi ambaye Breki anasema nina mkono wa birika, nikaivuta njia nzima, kushoto na kulia, mafundo kila penye kitu. Shemeji akashika kamba ya kulia, Mama Miwani ya kushoto. Miwani hakuvaa, haikuwa na kazi tena. Wakatangulia wao wawili, wenye macho nyuma yao.

Penye komba shemeji akasimama. "Subirini," akasema, akaanza. Mama komba kagombana na mumewe kuhusu nani alale ukutani, na mtoto mkubwa kajitia kulala ili asitumwe. Watu wakacheka. Halafu ndani ya shimo la mti kukasikika mkwaruzo na mlio mdogo wa mnyama aliyeudhika, na wote, waonao na wasioona, waliinua nyuso zao juu kwa pamoja, mahali pamoja.

Mama Miwani alikuwa bado ameshika fundo. "Dada," akaniita, bila kujua niko upande gani, "hili fundo umelikaza kwelikweli."

"Nalikaza," nikamwambia. "Mimi siamini watu."

Akacheka, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.